Kurudufu Kromosomu za Mimea ya Dawa: Dalili Zinazosumbua na Vyanzo Vyake

Kazi ya kurudufu kromosomu ili kuongeza kiini cha dawa cha mmea hufanywa kwa sumu inayozuia seli kugawanyika, nayo huharibikia mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye sumu: imezidi, imepungua, au haikufika inapotakiwa. Pa pili, ambapo ndipo panapopoteza miaka ya watu, ni kuamua mapema kwamba mche fulani ni tetraploidi (wenye seti nne za kromosomu badala ya mbili za diploidi wa kawaida) kwa kuwa tu una jani nene. Dalili zilizo hapa chini zimefuata mpangilio zinavyojitokeza, tangu mbegu iliyolowekwa hadi kupima kiini cha dawa.

Seli inapojiandaa kugawanyika hunakili kromosomu zake zote, kisha nyuzi ziitwazo mikrotubuli huzivuta nakala hizo kwenda pande mbili. Kolchisini, inayotoka kwenye mmea wa Colchicum autumnale, hushika tubulini, yaani protini inayojenga nyuzi hizo. Nyuzi zisipojengeka, nakala zote hubaki ndani ya seli moja: seli iliyoingia na kromosomu 18 hutoka na 36. Blakeslee na Avery walieleza njia hii mwaka 1937. Orizalini na trifluralini, ambazo ni viuagugu, hufanya kazi ileile kwa ukolezi mdogo zaidi, kwa sababu hushika tubulini ya mimea kwa nguvu, ilhali kolchisini huishika kwa udhaifu.

Hapo yanatokea mambo mawili yatakayorudi mara kwa mara. Seli isiyogawanyika haiguswi na dawa hizi. Na kwa kuwa seli za ncha ya ukuaji hazigawanyiki zote kwa wakati mmoja, mche unaotoka kwenye sumu karibu kila mara ni mchanganyiko wa seli zilizorudufika na ambazo hazikurudufika.

Kabla ya lolote, usalama. Kolchisini ni hatari zaidi kwa mwili wa mtu kuliko kwa mmea, na haina dawa ya kuitengua inayopatikana kwa kawaida. Kiasi cha miligramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wa mwili huhesabiwa kuwa cha kuua. Kwa mtu wa kilo 50 hiyo ni miligramu 40, ambazo zimo katika mililita 40 tu za myeyusho wa asilimia 0.1. Pima unga ndani ya kabati lenye kufyonza hewa, vaa glavu za nitrili na miwani, usinyonye pipeti kwa mdomo, na usimwage mabaki kwenye sinki. Yakusanye kwenye chombo chenye lebo yapelekwe kuteketezwa kama taka za kemikali. Mmea uliopakwa sumu usiliwe wala usichemshwe kwa majaribio ya dawa. Kinachopimwa ni vizazi vilivyotoka kwake.

Dalili: miche yote imekufa, au imevimba shingo na haioti mizizi

Angalia kwanza imekufaje. Mbegu ikiwa imechipua, kishina kimevimba na mzizi umebaki kibutu kama mpini wa kiberiti, basi ncha ya mzizi ndiyo iliyouawa. Hili ni la kawaida sana mbegu ikizamishwa nzima, kwa sababu seli za mzizi hutangulia kugawanyika na hupokea sumu kabla ya chipukizi. Kupunguza dozi hakusaidii sana hapo. Acha kuzamisha mbegu. Subiri mche ufungue kotiledoni (majani ya kwanza yatokayo kwenye mbegu), kisha tibu ncha ya juu peke yake: ama kwa tone la mikrolita 5 hadi 10 kati ya kotiledoni mbili, ama kwa kuugeuza mche juu chini ili kichwa kiwe ndani ya myeyusho na mizizi ibaki nje, imefunikwa kwa karatasi yenye unyevu.

Mche ukiwa umenyauka na kuwa wa kahawia wote, dozi imezidi, au joto lilikuwa juu. Myeyusho uleule unaoua robo ya miche kwa nyuzijoto 22 unaweza kuua karibu yote kwa 30. Kagua pia DMSO, ambayo huongezwa ili sumu ipenye: asilimia 1 hadi 2 inatosha, ikizidi hapo yenyewe inakuwa sumu. Halafu usuuzaji. Kusuuza mara moja hakutoshi, maana kilichobaki kwenye ganda na mikunjo ya jani kinaendelea kufanya kazi. Suuza kwa maji yaliyokenekwa mara tatu, ya mwisho ikae nusu saa.

Dozi ya mmea usioujua haikisiwi, inatafutwa. Andaa kolchisini ya asilimia 0.05, 0.1 na 0.2 (miligramu 50, 100 na 200 katika mililita 100), na kila moja itumike kwa saa 6, 12 na 24. Hayo ni makundi tisa. Ongeza la kumi lenye maji na DMSO pekee. Kwa miche 30 kila kundi unahitaji 300. Dozi unayoitafuta ni ile inayobakiza karibu nusu ya miche. Wakipona wote, sumu haikufika. Wakibaki wawili watatu, waliobaki mara nyingi ni wale ambao sumu haikuwapata.

Dalili: miche yote imepona, na hakuna hata mmoja uliobadilika

Chanzo kinachoongoza ni mbegu kavu. Mbegu iliyotoka kwenye pakiti na kuingia moja kwa moja kwenye kolchisini kwa saa 12 inatumia muda wote huo kunywa maji, bila mgawanyiko wowote. Iloweke kwanza kwenye maji mpaka kimzizi kichomoze milimita 1 au 2, ndipo utibu. Mbegu yenye ganda gumu ikwaruzwe kwanza.

Mrehani na jamii yake ina tatizo lake: mbegu zikilowa hujifunika ute mzito, na ute huo huzuia myeyusho. Usipoteze muda na mbegu za namna hii. Nenda kwenye miche.

Kwa njia ya tone, shida huwa tone lenyewe. Ncha yenye nywele au nta hulisukuma likateleza, au hewa kavu hulikausha baada ya saa moja. Ongeza Tween 20 kwa asilimia 0.1 ili myeyusho utandae, weka kipande kidogo cha pamba juu ya ncha kishike unyevu, funika trei kwa plastiki, na rudia tone asubuhi na jioni kwa siku tatu. Mche wenye majani halisi manne tayari umeficha ncha yake ndani ya majani machanga. Tibu mapema, au yatenge majani hayo kwa kibanio.

Kolchisini huharibika kwenye mwanga. Myeyusho ukae kwenye chupa ya kahawia, kwenye jokofu, na matibabu yafanyike gizani. Ukiwa umegeuka njano iliyokolea, tengeneza mwingine.

Orizalini nayo hudanganya kwa namna yake. Maji hupokea takriban miligramu 2.5 tu kwa lita, sawa na mikromola 7, na wewe unataka mikromola 30. Inayozidi hugeuka chembe nyeupe zinazotulia chini ya chupa, huku lebo ikiendelea kusoma 30. Yeyusha miligramu 34.6 katika mililita 10 za DMSO upate akiba ya milimola 10, kisha dondosha mililita 3 za akiba hiyo taratibu ndani ya lita moja ya maji ya uvuguvugu yanayokorogwa. Tumia siku hiyohiyo. Ukiona ukungu ndani ya chupa, usitumie. Akiba ya DMSO isichujwe kwa kichujio cha selulosi asetati, kwani DMSO hukiyeyusha. Chukua cha PTFE (Tefloni).

Dalili: majani yalikuwa mazito na yamekunjamana, sasa yanatoka ya kawaida

Hapa ndipo matumaini mengi yanapopotea, na vyanzo ni viwili vinavyofanana kwa macho.

Cha kwanza ni athari ya sumu tu. Kolchisini huvimbisha seli na kuvuruga umbo la majani mawili matatu ya mwanzo hata pale ambapo kromosomu hazikurudufika kabisa. Majani hayo yalikuwa yameshaanza kuumbwa wakati wa matibabu, kwa hiyo hayana habari yoyote juu ya mmea utakaokuwapo mwezi ujao. Usipime wala usitupe mche kabla ya jani la tano au la sita.

Cha pili ni kimera, yaani mmea wa seli mchanganyiko, inayorudi nyuma. Ncha ilikuwa na seli za aina mbili, na zile za diploidi hugawanyika haraka kuliko za tetraploidi. Zikiachwa zishindane, diploidi hushinda, na kadiri unavyochelewa ndivyo nafasi inavyozidi kufungwa. Tiba ni kisu. Kata ncha kuu ili matumba ya pembeni yaamke, kwa sababu kila tumba limetokana na seli chache na linaweza kuwa safi hata kama mmea mzima ni mchanganyiko. Pima kila tawi peke yake, lile lililobadilika lioteshe kama kipandikizi, na mengine yaondoe kwenye mmea mama yasilinyonye.

Kwenye maabara ya tishu, mfano ni uleule: gawa machipukizi kila baada ya wiki nne, upime na kuchagua kila unapogawa, walau mara tatu mfululizo. Anayepima mara moja mwanzoni na kuzalisha maelfu bila kupima tena atakuwa amezalisha diploidi kwa bidii. Njia inayopunguza kimera tangu mwanzo ni kutibu kalasi (bonge la seli zisizo na umbo) au kiinitete cha tishu badala ya ncha iliyokwisha kuumbika, mradi mmea wako unakubali kuzalishwa kwa njia hiyo. Lakini kalasi huleta mabadiliko mengine ya kurithi yasiyohusiana na idadi ya kromosomu, kwa hiyo utahitaji mimea linganishi iliyopitia kalasi ileile bila sumu.

Dalili: vipimo vinapingana

Stomata (vitundu vya kupumulia vya jani) zinasema tetraploidi, chavua inasema diploidi. Au mizizi ina kromosomu 18 na jani lina DNA ya 36. Mara nyingi vipimo vyote ni sahihi, ila umepima tabaka tofauti za mmea mmoja.

Ncha ya mimea mingi ya maua ina tabaka tatu. Tabaka la nje, L1, huzaa ngozi ya jani na stomata. L2 huzaa chavua na mayai, pamoja na sehemu ya nyama ya jani. L3 huzaa kiini cha shina, na mizizi ya vipandikizi kwa kawaida hutoka kwenye tishu za ndani. Mmea unaweza kuwa na L1 iliyorudufika, stomata kubwa za kupendeza, na L2 ya diploidi. Mbegu zake zote zitakuwa za diploidi. Kwa hiyo kipimo kinachaguliwa kwa kuangalia mmea utazalishwaje. Unaozalishwa kwa mbegu, L2 ndiyo yenye neno: pima chavua. Unaovunwa tunguu au mizizi, kama tangawizi, hesabu ya ncha ya mzizi ina uzito wake.

Stomata zitumike kama chujio la kwanza tu, kwa kuwa ni rahisi. Paka rangi ya kucha iliyo angavu upande wa chini wa jani, iache ikauke, ibandue kwa selotepu, iangalie kwa hadubini ya ukuzaji wa mara 400. Pima urefu wa stomata 30 kwa kila mche, kwenye jani la nafasi ileile na umri uleule, maana jani la juu na la chini la mmea mmoja hutofautiana. Kiashiria kinachoyumba kidogo zaidi ni idadi ya kloroplasti (chembe za kijani) ndani ya seli linzi, yaani zile mbili zinazozunguka kila stomata: bandua ngozi ya jani, iloweke kwenye nitrati ya fedha ya asilimia 1, hesabu. Tetraploidi huwa na karibu mara moja na nusu hadi mara mbili ya zile za diploidi. Chavua ya tetraploidi ni kubwa zaidi, na katika mimea mingi ambayo punje yake ina mianya mitatu, utaanza kuona zenye mianya minne.

Saitomita ya mtiririko, mashine inayopima kiasi cha DNA, huharakisha kazi, ila mimea ya dawa huisumbua kwa sababu ileile inayoifanya iwe ya dawa. Fenoli na tanini hushikamana na viini vya seli na kuzuia rangi isiingie. Vilele vya grafu yake hupanuka na kusogea. Ongeza PVP (polima inayonasa fenoli) ya asilimia 1 hadi 2 kwenye bafa, yaani myeyusho wa kukatia jani, chukua jani changa kabisa, katakata kwa wembe mpya huku sampuli ikiwa baridi, na pima ndani ya dakika chache. Ukiweka kilele cha diploidi kwenye alama ya 100, tetraploidi hukaa 200. Usishangilie kilele kidogo cha 200 kwenye jani changa: hizo ni seli za diploidi zilizokwisha kunakili DNA zikisubiri kugawanyika. Kimera hujitambulisha kwa vilele vitatu, 100, 200 na 400. Tetraploidi safi haina kitu kwenye 100.

Hesabu ya kromosomu bado ndiyo hakimu. Chukua ncha za mizizi asubuhi, ziweke kwenye hidroksikwinolini ya milimola 2 kwa saa 3 hadi 4, zihifadhi kwenye ethanoli na asidi asetiki kwa uwiano wa 3:1 kwa saa 24, zilainishe kwa asidi haidrokloriki ya 1 N kwa nyuzijoto 60 dakika 8 hadi 10, zipake rangi ya asetokamini, kisha ziminye chini ya kifuniko cha slaidi. Kromosomu zikiwa zimelundikana haziachani, muda wa kulainisha ulikuwa mfupi. Seli zikiwa hazina kromosomu zinazoonekana, mizizi haikuwa ikikua. Mwagilia na ujaribu tena siku nyingine.

Dalili: mmea ni mfupi mno, majani yamepasuka kingo, hautoi maua

Huenda umepita tetraploidi ukafika oktoploidi, yaani seli zimerudufika mara mbili. Hutokea sumu ikikaa muda mrefu kuliko mzunguko mmoja wa seli. Fupisha muda badala ya kupunguza ukolezi. Oktoploidi wachache sana wana faida, waondoe.

Dalili: tetraploidi imethibitika lakini haitoi mbegu

Wakati wa meiosisi (mgawanyiko unaozaa chavua na mayai) kila kromosomu sasa ina wenzake watatu badala ya mmoja, nao hushikamana kwa vikundi vya wanne au watatu na kugawanyika bila usawa. Chavua nyingi hufa. Kwa mimea inayokuzwa kwa vipandikizi au matunguu hili si tatizo. Kwa ya mbegu, kusanya hata zile chache, panda, chagua wenye mbegu nyingi zaidi, rudia kwa vizazi vitatu au zaidi. Uzazi huimarika kwa uteuzi. Hesabu kromosomu za kila kizazi, kwa kuwa wapo watakaotoka na 35 au 37 badala ya 36.

Mbegu zikitoka nyingi lakini zimesinyaa, mtuhumiwa ni diploidi wa jirani. Chavua yake ikiingia kwenye tetraploidi, kiinitete huwa triploidi (seti tatu) na chakula cha mbegu huvurugika. Tenga shamba la tetraploidi, au funika vichwa vya maua kwa mifuko.

Uvumilivu unahitajika pia kwa sababu ya hesabu ya urithi. Tuseme A ni jeni inayotawala na a ni iliyofichika. Diploidi wa Aa akijichavusha, mmoja kati ya wanne huwa aa. Tetraploidi wa AAaa akijichavusha, ni mmoja kati ya 36 tu atakayekuwa aaaa. Anayetafuta sifa iliyofichika kwa kupanda miche 50 ana nafasi ya karibu moja kati ya nne ya kutoipata kabisa. Na anayeanza na mmea mama mmoja amejifungia mlango mapema: rudufu walau aina kumi tofauti za urithi.

Dalili: mmea ni mkubwa na mzuri, lakini dawa haikuongezeka

Ukubwa wa seli mara nyingi ni maji. Tuseme diploidi anatoa gramu 100 za jani bichi zenye asilimia 22 ya vitu vikavu, na tetraploidi anatoa gramu 120 zenye asilimia 17. Wa kwanza ana gramu 22, wa pili 20.4. Pima kwa uzito mkavu, kila mara.

Kwa mimea inayohifadhi mafuta kwenye vitezi vya juu ya jani, kama mnanaa, mrehani na artemisia, kumbuka kwamba vitezi vya tetraploidi ni vikubwa lakini vichache kwa kila milimita ya mraba. Hesabu vyote viwili, ukubwa na wingi.

Mfano unaostahili kukaa mbele ya kila mtu wa kazi hii ni tetraploidi za Artemisia annua zilizochapishwa mwaka 1999 na Wallaart na wenzake. Artemisinini ilipanda kwa wastani wa asilimia 38 ndani ya mmea. Mafuta manukato yalishuka kwa asilimia 32. Na kwa kuwa mimea ilikuwa midogo, artemisinini kwa kila mita ya mraba ya shamba ilipungua kwa asilimia 25. Matokeo matatu ya mmea mmoja, kila moja na mwelekeo wake. Ripoti inayotaja ukolezi peke yake haimwambii mkulima kitu. Kwa upande mwingine, kamomili za aina ya Bodegold na Zloty Lan ni tetraploidi zilizofika mashambani, na tangawizi ya tetraploidi ilizalishwa Australia. Uteuzi uliofuata urudufu ndio uliozifikisha huko.

Kagua na mmea linganishi wako. Diploidi wa mbegu za dukani si mwenzake wa tetraploidi aliyepitia tishu. Linganisha na ndugu zake waliopakwa sumu wakabaki diploidi, wakue kitalu kimoja, wavunwe katika hatua ileile ya kuchanua badala ya tarehe ileile, kwa sababu tetraploidi wengi huchelewa. Ukivuna wote siku moja utakuwa unapima tofauti ya umri.

Ikiwa mmea ulianza na ploidi (idadi ya seti za kromosomu) ya juu, matarajio yawe madogo. Pepaminti ina kromosomu 72 nayo ni heksaploidi (seti sita). Rosela ina 72 pia na ni tetraploidi kwa asili. Kuirudufu tena mara nyingi huleta udumavu kuliko dawa.

Na dawa ikiongezeka kweli, usiupeleke mmea kwa mtumiaji kwa kipimo cha zamani. Mmea wenye alkaloidi, kama Datura au vinka, ukizidisha kiini chake kwa theluthi moja, kijiko kilichokuwa salama jana kinaweza kumdhuru mtu leo. Pima upya viini vyote vikuu, pamoja na vile vyenye sumu ambavyo hukuvitafuta, na uandike kiwango kwa gramu ya jani kavu kwenye lebo ya kila mbegu na kipandikizi kinachotoka kwako.